Kirikuu ya kukodi, kirikuu ya kununua au Townace ya mkataba?

Swali: "Habari kaka. Niko Kiwira, nanunua ndizi, viazi na parachichi vijijini napeleka Mbeya mjini, Soweto na Mwanjelwa, mara tatu kwa wiki. Nakodi kirikuu kwa 60,000 kila tripu, mafuta na dereva juu ya mwenye gari. Shida ni kwamba siku nyingine haji, mzigo unalala. Nina akiba ya milioni 7. Kuna kirikuu namba D inauzwa milioni 8 na nusu pale mjini. Pia kuna mzee mmoja ana Townace ya kubebea mizigo. Taslimu anataka milioni 10, ila amesema naweza kuichukua kwa mkataba: kianzio milioni 2, halafu 150,000 kila wiki kwa miezi 18, ndipo kadi iwe yangu. Matengenezo yote juu yangu. Mume wangu anapenda mkataba kwa sababu tutabaki na milioni 5 mkononi. Niendelee kukodi, ninunue au nichukue mkataba?"

Jibu: Dada yangu, ahsante kwa kutaja bei zote na masharti yote. Kazi yangu ni kukagua magari ya mkononi kabla mnunuzi hajatoa hela, na wengi wananipigia wakiwa wameshalipa. Wewe umewahi.

Nianze na jibu lenyewe. Kwa tripu tatu kwa wiki, endelea kukodi, ila ubadilishe namna unavyokodi. Mkataba wa mzee, kama ulivyo sasa, uache. Kirikuu ya milioni 8 na nusu nayo iache, kwa sababu nyingine kabisa.

Watu wetu wamezoea kusema kodi ni hela ya kutupa, bora uwe na chako. Kwenye nyumba naweza kukubali. Kwenye gari la miaka 20 mambo ni tofauti. Kule Marekani mtu anachukua gari jipya kwa kodi ya miezi 36, na anacholipia hasa ni thamani inayoporomoka, maana gari jipya hupoteza sehemu kubwa ya bei yake miaka ya mwanzo. Magari yetu yalishaporomoka yakiwa bado Japani. Yakifika hapa bei yake hushuka taratibu, ndiyo maana mpaka leo gari la namba C, la usajili wa zamani, likitunzwa linauzika. Kwa hiyo ukikodi kirikuu hapa, thamani inayoshuka si kitu kikubwa unacholipia. Unalipia usalama wa kujua kwamba injini ikifa njiani Isongole, kule juu mlimani, anayeingia mfukoni ni mwenye gari. Pima kila ofa uliyopewa kwa swali hilo: likiharibika, nani analipa?

Tuanze na hiyo 60,000. Kwenda na kurudi ni kama kilomita 100 ukijumlisha na kuzunguka sokoni. Kirikuu yenye mzigo kwenye milima ile tuipe kilomita 12 kwa lita, inakuja lita 8 na ushee. Weka lita kwa 3,000 (wewe weka bei ya mwezi huu ya EWURA, wanaotangaza bei za mafuta), ni kama 25,000, tuseme 26,000 ili tusijipunje. Dereva tumpe 10,000. Jumla 36,000. Mwenye gari anabakiwa na 24,000 kwa tripu, na humo ndimo anatoa tairi, oili, bima, bushi na injini yenyewe siku ikigoma.

Sasa chukua hiyo 24,000, ndiyo hela ambayo ungeiokoa gari likiwa lako. Mwaka hauendi wiki 52 kwa mfanyabiashara wa mazao. Kuna msimu, kuna misiba, kuna mvua za Rungwe ambazo zikishika, barabara za vijijini hazipitiki. Tuseme wiki 40. Tripu 120 kwa mwaka, mara 24,000, ni 2,880,000. Toa 10,000 kila tripu kwa ajili ya tairi, oili, breki na vitu vidogo vidogo vya gereji, ni 1,200,000. Toa kama 600,000 za bima na mambo ya mwaka. Unabaki na milioni moja na kidogo. Hiyo ndiyo faida ya kumiliki gari la milioni 8 na nusu: milioni moja kwa mwaka, na hapo injini haijafunguliwa hata mara moja. Ikifunguliwa, faida ya mwaka huo imekwenda.

Unaweza kujiuliza, mbona huyu jamaa anakubali bei hiyo? Nadhani unajua jibu: harudi mtupu. Akikushusha Soweto anatafuta mzigo wa kurudi Kiwira au Tukuyu, mbolea, saruji, soda, magodoro, chochote. Hela ya kurudi ndiyo inayomlisha, na ndiyo inayomchelewesha. Siku ambazo haji kwako, kuna uwezekano mkubwa amepata mzigo mnono zaidi upande mwingine.

Nije kwenye mkataba. Miezi 18 ni wiki 78. Mara 150,000 ni 11,700,000. Ongeza kianzio, 13,700,000. Gari la milioni 10 umelinunua kwa milioni 13 na laki 7. Kwa maneno mengine mzee amekukopesha milioni 8, na wewe unamrudishia 11,700,000 kidogo kidogo ndani ya mwaka mmoja na nusu. Kwa kuwa deni linapungua kila wiki, hiyo riba ukiipigia hesabu inavyotakiwa inavuka asilimia 50 kwa mwaka. Nenda benki yoyote au kwenye SACCOS yenu uulize riba yao, kisha ulinganishe.

Lakini riba si ubaya mkubwa wa mkataba huu. Ubaya ni kwamba kwa miezi 18 wewe unabeba hasara zote za mwenye gari, huku gari si lako. Gia boksi ikifa mwezi wa tano, unatengeneza wewe, na 150,000 ya wiki hiyo inadaiwa vilevile. Ukikosa wiki mbili, mikataba mingi ya namna hii inasema mwenye gari anachukua gari lake na ulichokwisha lipa kinahesabika kodi. Nimeona vijana wa bajaji na IST pale mjini wamepokonywa wakiwa wamebakiza miezi miwili. Mpangaji akipaka nyumba rangi na kuezeka bati jipya, kisha akafukuzwa kabla ya kuhamia, ndiyo hali yenyewe.

Halafu kuna jambo ambalo watu wanaona aibu kulisema mbele ya mzee, ila ni lazima. Kadi ina jina lake. Mungu akimchukua mwezi wa kumi na mbili, gari ni mali ya mirathi. Watoto wake watakuja kutoka Dar na Tunduma, nao hawakujui. Utakuwa unaonyesha karatasi na SMS za kutuma hela, na wao wanaonyesha kadi.

Shemeji ana hoja moja nzuri, na nisimvunje moyo: ni kweli usimalize akiba yote kwenye gari. Gari la mkononi hata likaguliwe vipi, miezi mitatu ya kwanza lina mambo yake. Tairi mbili, betri, shokapu, oili zote. Usinunue gari hapa kama baada ya kulipa hubaki na angalau milioni moja na nusu ya kulihudumia. Kwa akiba ya milioni 7 maana yake gari lako leo ni la milioni 5 na nusu, na kwa hela hiyo, gari la mizigo la kukupandisha Isongole na mzigo salama sijaliona muda mrefu. Ila hiyo hoja ya shemeji inakupeleka kwenye kuendelea kukodi. Kwenye mkataba, hizo milioni 5 zitabaki mkononi kwa muda gani, wakati kila mwezi unatoa zaidi ya laki 6?

Kirikuu sasa. Nayo naipenda, spea zake zipo kila duka la Mwanjelwa na fundi yeyote anaijua. Lakini imetengenezwa Japani kwa kubeba kilo 350. Injini ni ya cc 660. Gunia la viazi la lumbesa haliishii kilo 100, wewe unajua kuliko mimi. Magunia matatu, gari limejaa kwa kipimo cha waliolitengeneza. Je, wewe unapakia matatu? Unapakia sita, na mikungu ya ndizi juu, na binti wa kushusha mzigo mbele katikati yenu. Tena unaipandisha. Kutoka Kiwira hadi Isongole barabara inavuka mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na kila mita 300 injini isiyo na turbo inapoteza kama asilimia 3 ya nguvu kwa sababu hewa ni nyepesi. Pale juu kirikuu imebaki na kama asilimia 80 ya nguvu zake, ikivuta mzigo mara mbili ya uwezo wake. Kisha inaanza kushuka Igawilo na Uyole, na breki ni zilezile za kilo 350.

Ukiwa unakodi, hayo mateso yanakula springi na klachi ya mwenzako. Ukinunua, ni zako. Kwa mzigo wako, siku ukifika ya kununua, Townace ndiyo gari la kuanzia. Bodi yake inabeba kilo 750 na kwenda juu kutegemea toleo, ingawa mafuta itakula zaidi.

Kwa hiyo fanya hivi kwa sasa. Mwite huyo mwenye kirikuu mkae, mwandikishane msimu mzima badala ya tripu moja moja. Mhakikishie tripu tatu kila wiki, siku zinazojulikana, tuseme Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, hela inalipwa kila Ijumaa bila kuzungushana. Yeye akuhakikishie mambo mawili: gari liwe Kiwira saa kumi na moja alfajiri, na likiharibika atafute jingine kwa gharama zake, la sivyo tripu hiyo unamkata 30,000 kwenye malipo ya wiki. Usimbane kwenye bei. Hata ukimwongezea akawa anapata 65,000 kwa masharti hayo, bado uko mbele kuliko parachichi zilizoiva kwenye kreti. Mtafute na wa pili wa akiba, umpe tripu ya ziada mzigo ukizidi ili namba yako aikumbuke. Andikeni karatasi, mwenyekiti wa kitongoji ashuhudie, inatosha.

Hesabu itageuka lini? Ukifika tripu tano au sita kwa wiki, au ukipata mzigo wa kurudi wa kudumu, kwa mfano duka la pembejeo Tukuyu linalotaka mbolea kutoka mjini. Kwa tripu 240 kwa mwaka ile hesabu yangu ya juu inakupa karibu milioni 2 na laki 8, na mzigo wa kurudi ni juu ya hapo. Hapo nunua bila kusita. Ila ukianza kubeba mizigo ya watu kwa malipo, pita LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, uulize leseni, na umwambie wakala wa bima ukweli kuhusu kazi ya gari. Bima ndogo inamlipa uliyemgonga. Gari lako na viazi vyako haivijui.

Siku hiyo ikifika, uangalie hivi. Namba za gari zisikudanganye. Namba D au E inaonyesha gari lilisajiliwa lini Tanzania, si lini lilitengenezwa. Nimekagua namba E ya mwaka 2002. Kilomita za kwenye dashibodi nazo zinarudishwa nyuma, kwa hiyo angalia raba ya pedali ya breki na usukani. Vikiwa vimelika na dashibodi inasema kilomita 70,000, umeshapata jibu.

Nenda kuliona asubuhi na mapema, na umwambie mwenye gari asiliwashe kabla hujafika. Kirikuu na Townace za mizigo injini iko chini ya viti, kwa hiyo nyanyua kiti kwanza, uguse injini kwa kiganja. Ikiwa ya moto, mtu amekutangulia kuilainisha. Fungua mfuniko wa oili. Ukikuta povu la rangi ya chai ya maziwa, usikimbie bado. Kwa baridi yetu ya Juni na Julai, gari linalotembea safari fupi fupi linaweza kuwa na povu kidogo kwenye mfuniko kwa ajili ya unyevu tu. Chomoa na stiki ya oili: kama rangi ya maziwa iko mpaka huko chini, basi maji yanaingia kwenye oili, gasketi imekwenda au silinda hedi imepinda, na hapo ondoka. Likiwashwa, moshi wa bluu ni oili inaungua. Moshi mweupe asubuhi ya baridi ni mvuke, utaisha. Usipoisha baada ya dakika kumi, rudi kwenye habari ya gasketi.

Rejeta usiisahau. Maji ya kutu yanaonyesha limeendeshwa kwa maji ya mtoni bila kulanti. Na mfuniko wa rejeta, kitu cha bei ndogo kabisa, huku kwetu ni muhimu kuliko Dar, kwa sababu Mbeya mjini maji yanachemka kama nyuzi 94 hivi badala ya 100. Mfuniko uliolegea haushiki presha, gari linachemsha kwenye mlima, mwenye gari anasingizia mlima.

Ingia uvunguni na tochi. Majani ya springi yaliyoongezwa yanakwambia gari limebebeshwa lumbesa maisha yake yote. Rangi nyeusi mpya chini ya chesisi ya gari kuukuu inanifanya nikwangue kwa bisibisi, maana mara nyingi imeficha kutu au welding.

Kisha jaribio la barabarani, na hapa wauzaji wengi wanakataa. Kulizungusha Mwanjelwa kwenye tambarare hakukwambii lolote. Lipakie magunia, mkae wawili, mlipandishe kutoka Uyole hadi Isongole. Mshale wa joto ukipanda kupita katikati, au klachi ikanuka, au gia zikaruka, umejua. Kushuka, tumia gia ya chini, na usikilize kama pedali ya breki inaanza kuzama. Muuzaji asiyekubali hata ukimlipia mafuta, mshukuru uende zako.

Mzee wa Townace, kama shemeji bado anamtaka, arudi mezani na masharti mengine. 128,000 kwa wiki inaleta jumla chini kidogo ya milioni 12, hiyo naweza kuielewa. Injini na gia boksi vibaki juu yake kwa miezi yote 18. Vidogo vidogo viwe vyako. Kadi halisi ikae kwa wakili, pamoja na mkataba wa mauziano aliokwisha saini. Mkewe na mtoto wake mmoja mkubwa wasaini kama mashahidi, ili mirathi isije ikakugeukia. Kifungu kimoja kiseme kwamba ukishalipa zaidi ya nusu, akitaka gari lirudi, liuzwe, achukue anachodai na kinachobaki urudishiwe. Malipo yote yapitie kwenye simu au benki. Akikataa habari ya injini tu na kukubali mengine yote, bado mimi ningekataa, kwa kuwa yeye ndiye anayelijua gari lake.

Kuhusu kadi, iwe ni ya kirikuu, Townace au hata Canter ukikua. Jina la kwenye kadi lifanane na kitambulisho cha anayekuuzia. Kuna magari yamepita mikono mitatu kwa mikataba ya mauziano bila kuhamishwa, na kadi bado ya mtu wa Morogoro. Mpaka huyo apatikane, usitoe hata kianzio. Kadi ikiwa na majina mawili, la mtu na la benki, kuna mkopo, na unahitaji barua ya benki kwamba umeisha. Ukionyeshwa fotokopi tu, jiulize halisi iko kwa mkopeshaji gani. Namba ya chesisi isome wewe mwenyewe kwenye chuma, si kwenye karatasi. Faini za barabarani zinaifuata namba ya gari, kwa hiyo ziangalie kwenye mfumo wa polisi, na stika ya bima uihakiki kwenye mfumo wa TIRA, mamlaka ya bima, vyote unaweza kwa simu. Kisha muuzaji na wewe mwende TRA pamoja, kila mmoja na TIN yake, mkalipie ada na ushuru wa stempu, na hela kubwa uiachie siku hiyohiyo uhamisho ukishaingizwa.